Makaratasi ya Shule Yako Wapi? Somo kwa Watu wa Taita na Taveta

Kamati ya shule ikikutana kushauriana habari ya kujenga darasa au kuuzungushia uwanja ua, mara huzuka swali linalowafanya wajumbe wote watazamane: Hati ya kiwanja hiki iko wapi? Mwalimu Mkuu ni mgeni, amehamia muhula uliopita. Mwenyekiti ajua tu kwamba kiwanja kilitolewa na wazee wa zamani. Aliyekuwa karani wa baraza amekwisha kufariki. Basi mtu mmoja huchaguliwa aende ofisini "akatazame", naye huenda, akakaa juu ya benchi tangu asubuhi hata alasiri, akarudi na jibu kwamba faili halionekani.

Neno hilo "halionekani" lastahili kuchunguzwa, maana mara nyingi faili halikupotea, bali limetafutwa katika ofisi ambayo haikupata kuwa nalo hata siku moja. Katika somo la juma hili twataka kueleza jinsi utawala wa elimu ulivyopita kutoka mkono hadi mkono katika nchi ya Taita na Taveta, ili msomaji ajue aanze kutafuta wapi.

Jambo lenyewe si la kuchezea. Yapata asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya hifadhi ya wanyama ya Tsavo iliyoanzishwa mwaka wa 1948, na sehemu nyingine ni mashamba makubwa ya mkonge. Ardhi iliyobaki kwa watu ni chache, na kiwanja cha shule kisicho na hati huonekana machoni pa wengine kuwa kiwanja kisicho na mwenyewe. Mwezi wa Januari, 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road katika Nairobi waliandamana kwa ajili ya uwanja wao wa kuchezea uliokuwa umezungushiwa ukuta, wakatupiwa moshi wa kutoa machozi. Baada ya aibu ile Serikali iliamuru shule za umma zipatiwe hati za ardhi. Lakini hati haitolewi kwa maneno ya mdomo. Yatakiwa karatasi ya kuonyesha kwamba kiwanja kilitengwa kwa ajili ya shule, na nani aliyekitenga, na lini.

Basi swali la kwanza lisiwe "karatasi iko wapi?" Swali la kwanza ni hili: "Mwaka ule shule ilikuwa chini ya nani?" Karatasi hukaa kwa yule aliyekuwa na amri, na amri ikihama, karatasi huenda ikahama nayo, au ikabaki nyuma.

Mwanzo wa kazi hii haukuwa wa Serikali. Bwana J. A. Wray wa Chama cha Church Missionary Society alifika Sagalla mwaka wa 1883. Muda si mwingi njaa kuu ilishuka, ile ambayo wazee huiita Mwakisenge, nayo ikaharibu karibu yote yaliyokuwa yameanzwa. Hata hivyo Wray alijifunza lugha ya wenyeji, na mwaka wa 1894 kitabu chake kidogo cha kueleza Kitaita kilipigwa chapa Uingereza. Huko Taveta wamisionari wa chama hicho hicho walikuwa na gazeti lao dogo, Taveta Chronicle, lililotolewa tangu mwaka wa 1895 hata 1901, wakati ambapo Nairobi yenyewe ilikuwa bado haijawa mji wa kutajwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu nao walifungua misheni ya Bura mwaka wa 1892.

Katika miaka hiyo hapakuwa na ofisi ya elimu mahali popote katika nchi hii. Mwalimu wa Sagalla alipeleka habari zake London. Padre wa Bura alipeleka zake Ufaransa. Ndiyo sababu barua za Church Missionary Society husomwa leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Birmingham, na makaratasi ya Mapadre wa Roho Mtakatifu yamewekwa Chevilly-Larue, karibu na Paris. Ni mbali, kweli. Lakini yapo makaratasi ya zamani yasiyohitaji safari ya ndege, nayo ni madaftari ya ubatizo na ya ndoa, ambayo kwa desturi ya kanisa hukaa parokiani au hupelekwa kwa askofu. Mtu anayetaka kujua umri wa babu yake aliyesoma misheni, aanze na daftari la ubatizo kabla ya kwenda kokote.

Hapa tuweke alama kwa habari ya vita. Wajerumani waliishika Taveta mwezi wa Agosti, 1914, wakakaa hata Machi, 1916. Mwaka wa 1915 watu wa Kasigau, wakishukiwa kwamba wamewaonyesha adui njia, walichomewa vijiji vyao na majeshi ya Waingereza, wakahamishwa kupelekwa Malindi. Wengi walikufa huko, na waliosalia hawakuruhusiwa kurudi mlimani kwao mpaka mwaka wa 1936. Anayetafuta habari za mtoto wa Kasigau wa miaka hiyo ishirini na moja asipekue makaratasi ya mlima ule. Humo hapana mtu wa kuandikwa. Afuate njia waliyopelekwa.

Serikali iliingia katika elimu polepole. Mwaka wa 1909 Bwana J. Nelson Fraser, mtaalamu wa elimu aliyeletwa kutoka Bombay, alitoa taarifa yake, na mwaka wa 1911 Idara ya Elimu ikaanzishwa Nairobi, Mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Bwana J. R. Orr. Tusidhani kwamba siku ile shule za Taita zilikuwa za Serikali. Ziliendelea kuwa za misheni. Idara ilitoa msaada wa fedha, na pamoja na fedha ikataka hesabu. Hapo ndipo wingi wa makaratasi ulipoanza. Mwenye kutoa shilingi hutaka kujua watoto ni wangapi, wamehudhuria siku ngapi, mwalimu amesoma kiasi gani, na paa la nyumba lavuja au halivuji. Daftari la mahudhurio, ambalo walimu wengi huliona kuwa mzigo tu, lilizaliwa na shilingi hiyo ya msaada.

Mwaka wa 1924 ilikuja Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa Dakta James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana. Vijana wa Wundanyi walijua jina lake vema, kwa kuwa liko juu ya lango la shule ya sekondari ya Dr. Aggrey. Mwaka huo huo sheria ya elimu ilitungwa iliyoipa Serikali uwezo wa kuandikisha shule na kuzikagua, na mwaka wa 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, kufundisha walimu wa kuzungukia shule za vijijini. Mwaka huo wa 1925 pia ndipo mabaraza ya wenyeji yalipoanza kazi katika wilaya, yakiwa na ruhusa ya kutoza kodi ndogo kwa mambo ya watu wenyewe, na elimu ilikuwa ya mbele katika mambo hayo.

Kisha, mwaka wa 1934, ziliundwa Halmashauri za Elimu za Wilaya. Katika halmashauri hiyo waliketi pamoja Mkuu wa Wilaya, ofisa wa elimu, wamisionari, na wajumbe wa baraza la wenyeji. Kwa mtafutaji wa makaratasi huu ni mwaka wa kukumbuka kuliko mingi, kwa sababu tangu hapo maombi ya kufungua shule, fedha zake, na ugomvi baina ya misheni na misheni juu ya kilima kipi ni cha nani, yote yaliandikwa katika kumbukumbu za mkutano mmoja. Katika sehemu nyingi za Kenya bado mtaona shule zenye herufi D.E.B. katika majina yao. Watoto huzisoma kila asubuhi bila kujua kwamba ni jina la halmashauri hii.

Mwaka wa 1949 taarifa ya Archdeacon Beecher ilipanga miaka minne ya shule za chini, minne ya kati, na minne ya sekondari, pamoja na mtihani wa kuwachuja watoto baada ya miaka minne ya kwanza. Waafrika wengi waliipinga, wakisema kwamba mlango wapunguzwa badala ya kupanuliwa, na kwa maoni yetu walikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini taarifa ile pia ilitaka wasimamizi na wakaguzi zaidi, na kwa hiyo mafaili ya miaka ya 1950 ni manene kuliko ya nyakati zilizotangulia.

Sasa tumefika mahali ambapo watu wengi hupotea njia. Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963, shule za msingi ziliwekwa chini ya mabaraza ya wilaya, yaliyoitwa County Council. Baraza la Taita Taveta lilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kuendesha shule, na kuishika ardhi ya watu kwa amana. Mwaka wa 1970 Serikali Kuu iliyanyang'anya mabaraza hayo kazi ya elimu, pamoja na afya na barabara. Shule zikaenda kwa Wizara. Ardhi haikwenda. Ilibaki mkononi mwa baraza kwa miaka mingine arobaini na zaidi.

Msomaji asome tena sentensi hizo, maana ndani yake mna jibu la kamati nyingi. Shule na kiwanja chake viliachana mwaka wa 1970 kama mume na mke walioachana huku wakiendelea kulala nyumba moja. Mwalimu Mkuu aliandikia Wizara juu ya vitabu, madawati na walimu. Wala Wizara haikuwa na karatasi ya kiwanja, kwa sababu haikuwa imekitenga. Na wakati ardhi ilipopimwa na kuandikishwa kwa sheria ya mwaka wa 1968, viwanja vya shule viliandikwa mara nyingi kwa jina la County Council na si kwa jina la shule. Kwa hiyo anayetafuta asili ya kiwanja asiishie ofisi ya elimu. Na atafute kumbukumbu za mikutano ya baraza, hasa ya kamati zake za ardhi na za elimu, na daftari la upimaji wa ardhi la sehemu yake katika ofisi ya ardhi. Kwa mji wa Voi, ambao ulikuja kuwa na baraza lake la mji, atazame pia makaratasi ya baraza hilo. Mabaraza haya yote yalikoma mwaka wa 2013, serikali za kaunti zilipoanza, na urithi wao, pamoja na makabati yao, ukaingia katika serikali ya Kaunti.

Habari za walimu zilifuata njia nyingine. Tume ya Kuajiri Walimu ilianza kazi mwaka wa 1967. Kabla ya hapo mwalimu aliweza kuwa ameajiriwa na misheni, au na baraza, na barua yake ya kwanza ya kazi ilitoka huko. Warithi wa mwalimu wa zamani wanaofuata malipo yake hujibiwa kwamba miaka fulani haionekani katika faili la Tume. Huenda ni miaka ya kabla ya 1967, na ushahidi wake umo katika kitabu cha mishahara cha misheni au cha baraza. Vyeti navyo vina historia yake: Baraza la Mitihani la Kenya lilianzishwa mwaka wa 1980, cheti cha sekondari cha miaka ya 1950 kilitolewa na Cambridge, Uingereza. Tangu sheria ya elimu ya mwaka wa 2013 kila kaunti ina Halmashauri yake ya Elimu, lakini shule za msingi na sekondari zimebaki kuwa kazi ya Serikali Kuu; Kaunti imepewa shule za watoto wachanga na vyuo vya ufundi vya vijijini.

Mtu aweza kuuliza: Je, kwani Nairobi haikuwa na nakala ya kila kitu? Ilikuwa na nyingi. Lakini mwaka wa 1939 moto uliunguza ofisi kuu za Serikali huko Nairobi, na makaratasi mengi ya miaka ya kwanza yakateketea. Kilichookoa habari ni desturi ya kuandika nakala. Taarifa ya Mkuu wa Wilaya ilipigwa taipu na karatasi ya kaboni katikati. Moja ilibaki wilayani, nyingine ilikwenda Mombasa kwa Mkuu wa Mkoa wa Pwani, nyingine Nairobi. Na mambo makubwa yaliandikwa tena kwa Wizara ya Makoloni, London. Iliyoungua Nairobi huenda ikaonekana katika bahasha ya Mombasa. Kwa hiyo mtafutaji asikate tamaa kwa kuambiwa neno "moto".

Makaratasi mengine hayakuungua, yalichukuliwa. Wakati wa uhuru Waingereza walisafirisha mafaili kutoka Kenya kwa siri, na habari hiyo ilikubaliwa waziwazi mwaka wa 2011 tu, wazee wa Kenya walipokuwa na kesi yao London. Yalikuwa yapata mafaili 1,500, nayo yalianza kufunguliwa mwaka wa 2012 katika Hifadhi ya Nyaraka za Uingereza, Kew. Mengi ni ya mambo ya usalama. Wa kutafuta kiwanja cha shule asiyategemee.

Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Kenya iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1965, na jumba lake liko Moi Avenue, Nairobi, lililokuwa zamani jumba la benki. Kwa kawaida karatasi hufunguliwa kwa umma ikiisha kutimiza miaka thelathini. Mgeni hujiandikisha, hulipa ada ndogo, hupewa vitabu vya orodha, kisha huandika namba ya faili alitakalo, naye huletewa mezani. Herufi za mbele ya namba ndizo ufunguo. DC ni ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na mafaili ya huku kwetu yana alama DC/TTA. Yale ya Mkuu wa Mkoa wa Pwani yana alama PC/COAST. Asiyejua herufi hizi hupoteza siku nzima, na nauli ya kutoka Voi si bure.

Tena atahadhari na majina. Waandishi wa zamani waliandika "Teita" na si "Taita", "Kasigao" na si "Kasigau", na Sagalla iliandikwa kwa namna zaidi ya moja. (Jina la Teita laonekana bado juu ya mashamba ya mkonge ya Mwatate.) Anayetazama herufi moja tu katika orodha ataona patupu mahali ambapo jambo lake limejaa tele.

Tuongeze neno kuhusu kazi tunayoijua kwa mikono yetu. Wazee wa zamani waliandika maombi yao kwa Kiswahili, na karani akayafasiri kwa Kiingereza ili Bwana Mkuu ayasome. Ofisini husomwa ile tafsiri, kwa kuwa imepigwa taipu na yasomeka upesi. Lakini fundi wa kufasiri hubana maneno. Mzee ameandika, "Tumewapa mahali pa kufundishia watoto wetu". Karani huandika kwamba ardhi imetolewa kwa misheni. Tofauti hiyo yaweza kuwa ekari tano. Kila ukiona tafsiri, geuza ukurasa wa nyuma, utazame kama barua yenyewe imebanwa pale kwa pini. Neno la mwenye ardhi limo humo.

Imebaki habari ya makaratasi yaliyomo shuleni hivi leo, ambayo hayajafika kwa mtu yeyote. Daftari la kuandikisha wanafunzi huonyesha jina la mtoto, la mzazi wake, siku aliyoingia na siku aliyoondoka. Na kwa mtu asiye na cheti cha kuzaliwa, mstari mmoja wa daftari hilo waweza kumsaidia kupata kitambulisho. Kitabu cha matukio huonyesha siku mkaguzi alipokuja, siku upepo ulipong'oa mabati, na siku wazee walipokuja kupima mpaka. Kumbukumbu za kamati zaonyesha nani alisema ndiyo. Vitabu hivi huliwa na mchwa katika stoo ya majembe, au huchanwa vikafungiwa njugu sokoni. Ni mali ya umma, wala hakuna Mwalimu Mkuu aliye na ruhusa ya kuviteketeza kwa kuwa kabati limejaa. Kwa sheria ya nyaraka yahitajiwa idhini kwanza.

Basi Mwalimu Mkuu akipata uhamisho, na afanye hivi kabla ya kufunga mizigo yake. Aandike orodha ya kila daftari na kila faili, akitaja mwaka wa mwanzo na mwaka wa mwisho wa kila moja, na namba ya kabati lilimo. Anayeondoka atie sahihi, anayeingia atie sahihi, na mwenyekiti wa halmashauri ya shule ashuhudie. Nakala moja ibaki shuleni, ya pili ipelekwe kwa Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo, awe wa Voi, Mwatate, Taita au Taveta, na ya tatu aishike mwenyekiti nyumbani kwake, ndani ya sanduku la bati lisiloingia mchwa.